Tabibu Ibn Sina na Mizani ya Dawa za Maumivu

Dini ya Islam haikuja kumfundisha mwanadamu kusali na kufunga tu. Ilikuja pia kumfundisha kuvitazama viumbe vya Mwenyezi Mungu kwa jicho la akili na kuvitumia kwa manufaa ya wenzake. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliwafundisha wafuasi wake kwamba hakuna maradhi aliyoyashusha Mungu bila kuyashushia dawa yake, na kwa fundisho hilo aliwafungulia Waislamu mlango mpana wa utafiti. Miongoni mwa walioingia katika mlango huo na kuufikia ukumbi wa ndani kabisa ni Abu Ali al-Husain bin Abdillah bin Sina, ambaye sisi humwita Ibn Sina, na watu wa Ulaya humwita Avicenna.

Tunapenda kukusimulia maisha yake kwa sababu maalumu. Katika miji yetu, na hata pale Kilakala chini ya milima ya Uluguru, bado wako watu wanaoiogopa dawa ya maumivu kuliko wanavyokiogopa kisu cha mpasuaji. Baadhi yao husema kwamba kuvumilia ndiyo imani. Wengine husema kwamba dawa hizo ni jamii ya ulevi, na kwa hiyo ni haramu kwa Mwislamu hata akiwa amelala na mshono tumboni. Tena wako walio kinyume chao, ambao humeza kila kidonge wanachopewa dukani bila kuuliza kina nini ndani yake. Ibn Sina aliandika juu ya jambo hili karibu miaka elfu moja iliyopita, na habari za kifo chake zenyewe ni fundisho juu yake. Basi fuatana nasi katika habari zake, kisha upime mwenyewe.

Utoto na masomo yake

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, yaani mwaka 980, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, katika nchi ambayo leo huitwa Uzbekistani. Baba yake, Abdullah, alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia huko na kushika kazi ya serikali chini ya wafalme wa Kisamani. Mama yake aliitwa Sitara. Baadaye jamaa hiyo ilihamia Bukhara mjini, na mtoto akatiwa chuoni. Alipofika umri wa miaka 10 alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani Tukufu yote pamoja na sehemu kubwa ya elimu ya lugha, hata watu wakamstaajabia.

Baba yake hakudharau elimu kwa sababu ya mahali ilipotoka. Alisikia kwamba yuko muuza mboga mjini aliyekuwa hodari wa hesabu za Kihindi, akampeleka mwanawe kwake akasome. Tafakari jambo hili, ewe msomaji. Mtu ambaye vitabu vyake vingekuja kusomwa katika vyuo vikuu vya dunia alijifunza hesabu kwa mtu anayefanana na wale wanaoteremsha mboga kutoka Mgeta na kuziuza sokoni Morogoro. Elimu ya sheria ya dini aliipata kwa mwanachuoni aliyeitwa Ismaili Mchamungu, naye mwalimu aliyeitwa an-Natili alimfundisha mantiki na jiometri, mpaka mwanafunzi akampita mwalimu.

Kisha akaigeukia elimu ya tiba. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuiona kuwa elimu ngumu. Hata hivyo hakuridhika na vitabu tu, bali alikwenda kwa wagonjwa, na huko akajifunza mambo ambayo hayakuandikwa mahali popote. Alipokuwa na umri wa miaka 16, waganga wenye mvi walikuwa wakimjia kusoma kwake.

Falsafa ndiyo iliyomshinda. Alikisoma kitabu cha Aristotle juu ya asili ya kuwako kwa vitu mara 40, hata akakihifadhi kwa moyo, na bado hakukielewa. Kila alipokwama katika swali alikuwa akienda msikitini, akisali na kumwomba Muumba wa vyote amfungulie lililofungwa. Siku moja dalali wa vitabu alimsihi anunue kitabu kidogo kwa dirham tatu. Kumbe kilikuwa kitabu cha al-Farabi kilichoeleza shabaha ya kitabu kile cha Aristotle. Alikisoma usiku uleule na fumbo likafumbuka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mwenyezi Mungu. Hivyo ndivyo Mwislamu apasavyo kusoma: aifanye kazi kwa mikono miwili, na moyo wake uwe katika dua.

Alipokuwa na umri wa miaka 17, Mfalme Nuh bin Mansur alishikwa na maradhi yaliyowashinda waganga wa ikulu. Kijana yule aliitwa, akashirikiana nao, na mfalme akapona. Hakuomba dhahabu. Aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme, na humo alikuta vyumba vingi vyenye masanduku ya vitabu, kila chumba na elimu yake.

Safari na taabu

Msomaji asidhani kwamba mtu huyu aliandika vitabu vyake akiwa ameketi katika utulivu. Alipokuwa na umri wa miaka 22 hivi baba yake alifariki, na ufalme wa Wasamani ukawa umeporomoka. Ibn Sina aliihama Bukhara akaenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, kisha akasafiri mji hata mji mpaka Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi. Huko alijiunga naye mwanafunzi mwaminifu, Abu Ubaid al-Juzjani, ambaye alikaa naye miaka 25, na ambaye ndiye aliyetuandikia sehemu ya pili ya maisha yake. Katika mji huo ndipo alipoanza kukiandika kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun, yaani Kanuni.

Baadaye alifika Hamadan katika nchi ya Uajemi, na akamtibu mtawala wake, Shams ad-Daula, maradhi ya msokoto wa matumbo. Mtawala alipopona alimfanya waziri wake. Lakini askari walimwasi waziri huyo, wakaivamia nyumba yake na kumpora mali, wakataka auawe. Alijificha siku 40 katika nyumba ya rafiki, mpaka maradhi yalipomrudia mtawala na ikabidi tabibu atafutwe tena na kuombwa radhi. Toka hapo alishika uwaziri mchana, na usiku aliwakusanya wanafunzi na kuwasomesha. Mtawala huyo alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina hakutaka kumtumikia mrithi wake. Kwa sababu hiyo alishukiwa, akafungwa katika ngome ya Fardajan muda wa miezi minne, na hata gerezani aliandika vitabu. Mwishowe alitoroka pamoja na al-Juzjani na ndugu yake, wamevaa mavazi ya masufi, wakafika Isfahan, na huko akapokewa kwa heshima na Ala ad-Daula.

Kanuni ilikamilika kwenye mwaka 1025 hivi. Ina vitabu vitano ndani yake. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini katika mji wa Toledo, Hispania, na vyuo vya tiba vya Ulaya vikakitumia kufundishia mpaka karne ya 17. Matini yake ya Kiarabu ilipigwa chapa mjini Roma mwaka 1593. Wale wanaosema kwamba Islam iliizima elimu na waulizwe ni nani aliyewafundisha babu zao tiba.

Hatusemi kwamba Ibn Sina alikuwa kiongozi wa dini. Alikuwa na udhaifu wake kama mwanadamu, na baadhi ya mawazo yake ya falsafa yalipingwa vikali na wanachuoni, hasa Imamu al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111. Hekima ni mali iliyompotea muumini, naye huiokota po pote anapoiona bila kuokota makosa ya aliyekuwa nayo.

Alivyofundisha juu ya maumivu

Sasa tuje kwenye lile tulilolikusudia. Katika Kanuni Ibn Sina aliyahesabu maumivu kuwa ya namna 15. Yako yanayowasha na yanayokwaruza. Yako yanayochoma kama sindano na yanayotoboa kama shazia. Yako yanayobana, yanayovuta, yanayopasua, yanayopwita, na yaliyo mazito kama mzigo. Alitaka tabibu amsikilize mgonjwa aeleze maumivu yake ni ya namna gani, kwa maana kila namna huonyesha chanzo chake. Mwaka 1975 mtaalamu Ronald Melzack wa Kanada alitunga orodha ya maswali ya kuyapima maumivu ya wagonjwa, ambayo hutumika duniani hata leo, na mengi ya maneno yake yanakaribiana na yale ya Ibn Sina.

Kisha akaeleza njia za kuyatuliza. Njia ya kwanza na iliyo bora ni kukiondoa chanzo chenyewe. Njia ya pili ni kupalainisha na kupapoza mahali panapouma, na kwa kazi hiyo alitaja vitu kama mbegu za kitani. Njia ya tatu ni kutia ganzi, na katika dawa za ganzi aliitaja afyuni, ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba, kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Aidha alieleza michanganyiko ya kumlaza mgonjwa usingizi mzito kabla ya kukatwa kiungo.

Lakini hakuisifu afyuni bila kuionya. Alifundisha kwamba tabibu apime mambo mawili kabla ya kuitoa. Kwanza, apime ni kipi kitakachodumu zaidi, nguvu za mgonjwa au maumivu yake, maana maumivu yenyewe huweza kumuua mtu kwa kuzimaliza nguvu zake. Pili, apime ni kipi chenye madhara makubwa zaidi, maumivu au dawa. Akishapima, na akiona hapana budi, aitoe. Na ni vizuri aitoe ikiwa imechanganywa na dawa nyingine zinazopunguza madhara yake. Hiyo ndiyo mizani. Kurani Tukufu katika sura ya 55 inatuambia kwamba Mwenyezi Mungu ameinua mbingu na ameweka mizani, na inatukataza kuipita na kutuamuru tusiipunguze. Watu wengi huifikiria mizani ya sokoni tu, na hali mizani ya dawa ni amana kubwa zaidi.

Mizani ilivyovunjwa juu yake mwenyewe

Mtu aliyewatibu watawala maradhi ya msokoto wa matumbo alipatwa na maradhi hayohayo. Ilitokea alipokuwa akifuatana na Ala ad-Daula katika vita. Aliogopa kuachwa nyuma na jeshi, na kwa haraka ya kupona akajipa dawa kwa njia ya haja kubwa mara nane katika siku moja. Matumbo yake yakapata vidonda. Hapo yeye mwenyewe, bingwa wa vipimo, alikuwa amekwisha kukipita kipimo.

Kisha makosa ya wengine yakaongezeka juu ya lake. Aliamuru kwamba katika dawa yake zitiwe mbegu za mmea uitwao karafsi kwa uzito wa danaki mbili. Tabibu aliyemhudumia akatia dirham tano. Na kwa kuwa dirham moja ni danaki sita, kiasi hicho kilikuwa mara 15 ya kile kilichoamriwa. Al-Juzjani anasema hajui kama tabibu yule alifanya kusudi au alikosea. Ibn Sina alikuwa akitumia pia maajuni ya kuzuia degedege, nayo ilikuwa na afyuni ndani yake. Mmoja wa watumishi wake akatia humo afyuni nyingi kupita kiasi, kwa sababu watumishi walikuwa wameiba mali yake nyingi na waliogopa kuadhibiwa akipona.

Hakufa siku ile. Alirudishwa Isfahan amedhoofika, akapata nafuu kidogo, kisha maradhi yakamrudia njiani kuelekea Hamadan. Alipoona kwamba nguvu zake zimekwisha aliacha kujitibu. Inasimuliwa kwamba alitubu, akatoa mali yake kwa maskini, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akiikhitimu Kurani Tukufu kila siku tatu. Alifariki Hamadan katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, yaani mwaka 1037, na kaburi lake liko huko hata leo.

Ewe msomaji, angalia jinsi afyuni ileile ambayo kwa kipimo ilikuwa rehema mkononi mwa tabibu, bila kipimo ilikuwa silaha mkononi mwa mwizi. Mmea haukubadilika, bali mizani ndiyo iliyovunjwa.

Wataalamu waliokuja baadaye

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner alifaulu kuitoa katika afyuni ile asili yake inayotuliza maumivu, nayo ikaitwa mofini. Tangu hapo iliwezekana kuipima dawa hiyo kwa uhakika, jambo ambalo halikuwezekana kwa utomvu wa mmea ambao leo una nguvu na kesho hauna. Kwa upande wa pili, gome la mti uitwao wilo lilitumika tangu zamani kwa homa na maumivu. Kutokana na elimu ya gome hilo, mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini safi. Aspirini ni ndugu mkubwa wa dawa tunazozijua leo kwa majina ya ibuprofeni na diklofenaki.

Jamii hizi mbili za dawa hazifanyi kazi mahali pamoja. Mtu anapopasuliwa, nyama iliyojeruhiwa hutoa vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huleta uvimbe na joto na kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuumia. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia vitu hivyo visitengenezwe, na mwaka 1982 alishirikishwa katika tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Basi dawa za uvimbe huuzima moto pale kwenye jeraha. Mofini haifanyi hivyo. Kazi yake kubwa iko katika uti wa mgongo na ubongo, ambako huzuia habari ya maumivu isipokewe kwa ukali wake. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo nje yake mtu anapiga ngoma. Unaweza kumwendea mpigaji ukamnyamazisha, au unaweza kuziba madirisha. Ukimnyamazisha kwa nusu na ukayafunga madirisha kwa nusu, wenye nyumba watalala, wala hutahitaji kuyapigilia misumari.

Hiyo ndiyo hekima ya kuzitumia pamoja baada ya upasuaji. Mofini ikitumiwa peke yake kwa wingi huleta kichefuchefu, kufunga choo na usingizi mzito, na ikizidi sana hupunguza pumzi mpaka mtu akafa. Dawa za uvimbe nazo zikizidi huchoma tumbo, hudhuru figo, huzuia damu isigande vizuri, na huweza kumletea shida mwenye pumu. Lakini zikitolewa pamoja, kila moja kwa kiasi chake, maumivu hutulia vizuri zaidi na mofini inayohitajika hupungua. Wataalamu waliokusanya majaribio mengi ya namna hiyo walichapisha mwaka 2011 kwamba wagonjwa waliopewa dawa za uvimbe pamoja na mofini walihitaji mofini pungufu kwa kiasi cha miligramu 10 hivi katika saa 24 za kwanza baada ya upasuaji, na kichefuchefu nacho kilipungua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 ngazi yake ya kutibu maumivu ya saratani, na humo dawa nyepesi huendelea kutolewa pamoja na nzito. Ibn Sina alishauri afyuni ichanganywe na nyingine ili madhara yake yapungue. Hakuwa na habari za prostaglandini, lakini aliishika njia.

Jambo hili na sisi

Huenda msomaji wa Kilakala akauliza kwamba mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Watu wa Morogoro hawajaisahau tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu na kulipuka moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Aliyepata kumwona mtu aliyeungua akisafishwa vidonda hatathubutu kusema kwamba dawa ya maumivu ni anasa. Tena hapana mtaa usio na mama aliyejifungua kwa upasuaji, au kijana aliyevunjika mguu katika barabara kuu ya Dar es Salaam.

Mwandishi wa makala hii alilelewa Kilakala kabla ya kutumwa ng'ambo kwa kazi ya dini, na anamkumbuka mzee mmoja wa milimani aliyezoea kuteremsha mikungu ya ndizi kichwani tangu ujana wake, mpaka akapata ngiri na kupasuliwa. Nusukaputi ilipomwishia aliikataa dawa ya maumivu, kwa kuwa aliambiwa kwamba ni ya jamii ya afyuni na alitaka kukutana na Mola wake akiwa na akili timamu. Nia yake ilikuwa safi. Lakini kwa maumivu alilala bila kujigeuza, akiogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, na siku ya tatu akashikwa na homa ya mapafu. Alipona kwa rehema ya Mungu baada ya taabu kubwa. Kumbe mtu asiyeweza kukohoa wala kuinuka kitandani baada ya upasuaji hujitia katika hatari nyingine, na kumtuliza maumivu ni sehemu ya kumponya.

Je, dini inasema nini? Kurani Tukufu imeuharamisha ulevi, nayo katika sura ya 2 inakiri kwamba katika mvinyo mna manufaa kwa watu, ila madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Hapo tena tunaikuta mizani. Na katika sura hiyohiyo, baada ya kuvitaja vyakula vilivyoharamishwa, humwondolea dhambi yule aliyeshikwa na dharura bila kutamani wala kupita kiasi. Basi mofini anayopewa mgonjwa na daktari kwa kipimo, kwa siku chache, kwa ajili ya jeraha, haina uhusiano na kasumba anayoivuta mtu ili aikimbie dunia.

Baadhi ya ndugu hutoa hoja kwamba Masihi Aliyeahidiwa a.s., aliposhauriwa atumie afyuni kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari, alikataa. Ni kweli. Lakini shauri lile lilikuwa la kuizoea afyuni kila siku kwa ugonjwa usiokwisha, naye aliona kwamba haimfai aliyetumwa na Mungu kujulikana kwa mazoea hayo, wapinzani wasije wakapata la kusema. Alilolikataa ni mazoea, wala hakuwakataza wagonjwa tiba. Khalifa wake wa kwanza, Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., aliyefariki mwaka 1914, alikuwa tabibu mashuhuri katika tiba ileile iliyojengwa juu ya Kanuni ya Ibn Sina, na alipata kuwa tabibu wa ikulu ya Kashmir. Tarehe 18 Novemba 1910 alianguka kutoka juu ya farasi akapata jeraha kichwani lililomtaabisha muda mrefu. Ingawa yeye mwenyewe alikuwa bingwa, na ingawa tawakali yake kwa Mungu ilikuwa ya mfano, aliwakubali madaktari wa elimu mpya wamhudumie. Tawakali ya kweli haikimbii dawa.

Kwa upande mwingine, tusiivunje mizani kwa kuzidisha. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu na mama mjamzito wasinunue diklofenaki dukani kwa kukisia. Anayemeza ibuprofeni na diklofenaki pamoja asidhani kwamba anafuata hekima tuliyoieleza, maana hizo ni za jamii moja, na kwa kuzichanganya amezidisha madhara tu. Aliyepewa tramadoli au mofini asiongeze kiasi mwenyewe wala asimgawie jirani, na zikibaki azirudishe. Mgonjwa na amwambie daktari habari zake zote kabla ya kupasuliwa, na baada ya hapo atumie dawa kwa saa zilizopangwa, asingoje mpaka maumivu yamshinde. Na ikiwa upasuaji umemkuta katika Ramadhani, akumbuke kwamba Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufunga siku nyingine, na kuikataa ruhusa ya Mungu si uchamungu.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimeanza kuishika njia hii. Huko Uganda Daktari Anne Merriman, aliyefariki mwaka 2025, alianzisha mwaka 1993 huduma ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiopona, kwa mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Hapa Tanzania hospitali ya saratani ya Ocean Road iliyoko Dar es Salaam imekuwa ikiitoa mofini ya kunywa kwa wagonjwa wake. Lakini dawa ikiwa tayari na mgonjwa akaikataa kwa hofu, au akaitumia kwa pupa, bado mzigo haujatuliwa.

Ndugu msomaji, Ibn Sina alikufa yapata miaka elfu moja iliyopita, na falme alizozitumikia zimekuwa mavumbi. Lililobaki kwake ni elimu iliyowapunguzia watu machungu. Vijana wetu wa kike na wa kiume, na hasa wale wanaosoma sayansi pale Kilakala, na waifuate njia yake katika bidii na dua, ili kesho wawe wao wanaoishika mizani kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwenyezi Mungu, Ambaye ndiye Mponyaji wa kweli, awatie waganga wetu huruma na uaminifu, awape wagonjwa wetu nafuu, na atuwezeshe sote kukaa katika kipimo Alichokiweka. Amin.